Nani Aliipima Mbegu Hii?





Katika mfano wa ngano na magugu, watumwa wa mwenye shamba walipoona shamba limeingiliwa hawakuilaumu mvua wala jembe. Jambo la kwanza walilouliza lilihusu mbegu: je, ile iliyopandwa haikuwa njema? Na mwenye shamba aliwajibu papo hapo bila kigugumizi, kwa kuwa aliijua mbegu yake. Leo tunapouliza swali lile lile juu ya maharage yanayogawiwa, kukopeshwa na kuuzwa vijijini mwetu, hatumpati wa kutujibu. Mwenye duka humwelekeza mtu kwa wakala, wakala kwa mradi, na mradi humrudia mkulima mwenyewe: ulipanda mapema, ulipanda umechelewa, hukupalilia kwa wakati, mvua ilizidi. Huchunguzwa kila kitu isipokuwa mbegu.

Wako watakaoshangaa kuona Tume ya Haki na Amani inaandika habari za bakteria. Wamezoea kutusikia tukisema juu ya ardhi iliyoporwa, mirathi ya wajane na mahabusu wanaosahaulika rumande. Tunawaomba watusikilize hadi mwisho. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza barani Afrika kwa kulima maharage, na katika nyumba nyingi za parokia zetu hayo ndiyo kitoweo cha Jumatatu hadi Jumamosi. Shamba la maharage likiungua, mtoto hukosa chakula cha kujenga mwili na mama hukosa fedha ya daftari. Ikiwa shamba hilo liliungua kwa sababu mtu fulani aliuza au aligawa mbegu yenye ugonjwa, hali akiwa na njia ya kujua na hakuitumia, basi hapo pana kosa la haki. Kuliita bahati mbaya ni kumwonea mkulima mara ya pili.

UGONJWA UNAOSAFIRI NDANI YA PUNJE

Yako magonjwa mawili makuu ya bakteria yanayosafiri ndani ya mbegu za maharage. La kwanza wakulima wengi hulitambua kwa kusema majani yameungua. Huanza kwa madoa madogo yenye unyevunyevu, kama kwamba jani limedondokewa na maji. Kisha madoa hukua, hukauka yakawa ya kahawia, na pembeni huzungukwa na mstari wa njano. Ugonjwa huu hupenda joto. Wa pili hupenda baridi ya nyanda za juu, na dalili yake ni doa dogo lililozungukwa na duara pana la kijani hafifu au njano, kama mwezi wenye utando. Yote mawili hushika majani, hushika maganda, na kutoka kwenye ganda huingia katika punje.

Hasara ya ugonjwa wa kuungua majani hutajwa mara nyingi na watafiti kuwa kati ya asilimia 10 na 40 ya mavuno. Kwa mwenye ekari mia hiyo ni hesabu ya vitabuni. Kwa mwenye nusu ekari ni miezi ya njaa.

Ubaya wa maradhi haya ni kwamba punje yenye ugonjwa yaweza kuonekana nzima kabisa. Ni kweli kwamba nyingine hukunjamana, hupungua, au hupata rangi ya manjano karibu na jicho la mbegu, na kwenye maharage meupe jicho makini hulitambua jambo hilo. Lakini kwenye maharage mekundu au yenye mabaka, dalili hujificha. Na nyingi hazina dalili yoyote. Bakteria hulala ndani yake kwa miaka mingi, hungoja maji, na punje inapochipua nao huamka pamoja nayo. Tangu hapo hawahitaji msaada mwingine zaidi ya matone ya mvua yanayoruka kutoka jani hadi jani, na miguu yetu tunapopita shambani asubuhi yenye umande.

Hatuwezi basi kumwambia mkulima kwamba angepaswa kuona. Hakuna macho ya binadamu yawezayo kuona kitu hicho. Maabara huweza. Na hili ndilo tunalotaka lieleweke katika kila Jumuiya: ugonjwa huu hugundulika kabla ya mbegu kuingia ardhini, na njia ya kuugundua inajulikana tangu zamani.

HAKUNA UCHAWI NDANI YAKE

Tunaeleza njia hiyo kwa kirefu kidogo, kwa sababu mtu asiyejua jinsi kipimo kinavyofanyika hunyamazishwa kwa urahisi na mwenye koti jeupe.

Kwanza huchukuliwa sampuli. Bambo huchomwa katika magunia mbalimbali, juu, katikati na chini, ili isije ikapimwa punje nzuri ya juu peke yake. Sampuli hiyo hugawanywa katika mafungu, mara nyingi ya mbegu 1,000 kila moja. Mbegu huloweshwa usiku kucha mahali pa baridi katika maji ya chumvi yaliyotakaswa, na bakteria waliomo hutoka wakaingia majini. Maji hayo huzimuliwa mara kumi, kisha mara kumi tena, na matone yake hupakwa juu ya sahani zenye chakula maalumu ambacho bakteria wanaotafutwa hukipenda na wengi wengine hawakiwezi. Sahani huwekwa katika joto la nyuzi 28 hivi. Baada ya siku 4 au 5, bakteria wa kuungua majani huonekana kama vitone vya njano vilivyozungukwa na duara mbili, moja kubwa iliyo angavu na nyingine ndogo yenye rangi ya maziwa.

Kazi haiishii hapo, kwani wako bakteria wengi wa rangi ya njano wasio na hatia. Wale wanaoshukiwa huchukuliwa na kuchomwa katika mche mchanga wa maharage ulio mzima. Mche ukiugua, shitaka limethibitika. Siku hizi iko pia njia ya kusoma chembe za urithi za bakteria, nayo hufupisha kungoja. Kwa njia ya kawaida, shughuli yote huchukua yapata majuma matatu.

Kanuni za namna hii hutunzwa na Chama cha Kimataifa cha Upimaji wa Mbegu, kilichoanzishwa mwaka 1924. Mwaka 1967 Paul Neergaard alianzisha huko Hellerup, Denmark, taasisi ya kuwafundisha wataalamu wa nchi zinazoendelea magonjwa yanayochukuliwa na mbegu, na Waafrika walikuwa miongoni mwa waliofundishwa. Hapa kwetu, mtafiti Mabagala wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na mwenzake Saettler, walichapisha mwaka 1992 utafiti juu ya ugonjwa wa duara la njano katika mashamba ya maharage ya kaskazini mwa Tanzania, yaliyolimwa peke yake na yaliyochanganywa na mahindi. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba ujuzi huu haujafika nchini. Umefika, umesomewa na umeandikwa kwa kodi na jasho la wananchi. Haujafika kwenye gunia.

HESABU YA MBEGU 12

Mwaka 1964 watafiti Walker na Patel wa Wisconsin, Marekani, walichapisha jambo ambalo tungependa kila mgawa mbegu alibandike ukutani. Kwa ugonjwa wa duara la njano, mbegu kama 12 tu zenye bakteria, zikitawanyika katika ekari moja, zatosha kuanzisha mlipuko wa shamba zima iwapo hali ya hewa itauruhusu.

Sasa tufanye hesabu. Kilo moja ya maharage makubwa ina punje zipatazo 2,000. Mkulima akipanda kilo 30 katika ekari, ameweka ardhini punje 60,000. Tuseme muuzaji ametwaa punje 400, ambayo ndiyo idadi itumikayo katika kupima uotaji, akazipima bakteria na asipate hata mmoja. Je, ametuhakikishia nini? Wataalamu wa takwimu watasema kwamba kwa uhakika wa asilimia 95 punje zenye ugonjwa hazizidi 3 katika kila 400. Katika ekari yetu hizo zaweza kufika 450. Akipima punje 5,000 asipate kitu, kiwango hushuka hadi 3 katika 5,000, yaani 36 kwa ekari.

Msomaji ataona kwamba hata kipimo hicho cha pili hakifiki kwenye 12, wala hatutaki kumdanganya. Kipimo hakimwahidi mtu usalama kamili. Lakini tofauti kati ya 36 na 450 ni kubwa, na tofauti kati ya 450 na kutokujua kabisa ni kubwa zaidi. Ndiyo maana haitoshi kuambiwa kwamba mbegu zimepimwa. Lazima tuulize zilipimwa ngapi, na zilipimwa kitu gani.

Swali hilo la pili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Vipimo vya kawaida vya maabara ya mbegu ni vitatu: usafi, uotaji na unyevu. Vyote ni vya lazima na tunavishukuru. Lakini mbegu yaweza kuwa safi isiyo na takataka, ikawa kavu, ikaota kwa asilimia 95, na bado ikabeba bakteria. Kwa hakika kuota vizuri ndiko kunakowafaa bakteria. Magonjwa kwa kawaida hutazamwa shambani, kwa macho ya mkaguzi anayepita kwenye shamba la mbegu. Mkaguzi akipita siku za ukame, kabla mvua haijautoa ugonjwa mafichoni, ataandika kwamba shamba ni zima, naye atakuwa ameandika kwa moyo mweupe.

RANGI, JINA NA STIKA

Tumewasikia waamini wetu wakisema: hii haina shaka, imepakwa dawa. Ndugu zetu, ile rangi nyekundu au ya waridi juu ya punje huonyesha kwamba mbegu imepakwa dawa, na kwa kawaida dawa hiyo ni ya kuvu au ya wadudu. Inayo faida yake. Lakini dawa ya kuvu haiwaui bakteria, sembuse waliojificha ndani ya punje. Anayemwuzia mkulima rangi hiyo kama kinga ya magonjwa yote anamwuzia uongo, na punje hiyo haifai tena hata kuliwa wala kupewa kuku.

Wengine hutegemea jina. Lyamungo 90, Jesca, Selian 97, Uyole 96: haya ni majina ya heshima, matunda ya kazi ya watafiti wetu. Hata hivyo jina la aina si cheti cha afya. Aina iliyo bora ikilimwa mara tatu katika shamba lenye ugonjwa hubaki na jina lake lile lile na hubeba ugonjwa ule ule.

Nayo stika ya kukwangua, ambayo mkulima huitumia kuhakiki kwa simu, hutusaidia kumgundua mwizi anayejaza nafaka ya sokoni katika mfuko wa kampuni. Tunawahimiza waamini waitumie. Lakini humwambia mtu kwamba mfuko ni wa kweli. Haimsomei majibu ya bakteria, na mkulima aliyeridhika na mlio wa simu huenda nyumbani akiamini amehakikishiwa jambo ambalo hakuna aliyemhakikishia.

DENI LA SHAMBA LILILOUNGUA

Sasa tuje kwenye jambo lililotusukuma kuandika.

Katika kigango kimojawapo cha jimbo letu, kikundi cha akina mama kilikopeshwa mbegu za maharage na mradi mmoja. Masharti yalikuwa yale yanayojulikana mahali pengi: kilo moja hurudishwa kilo mbili baada ya mavuno. Mbegu zilikuwa na rangi nzuri na ziliota vizuri. Zilipoanza kutoa maua, mvua ilinyesha mfululizo, na majani yakaanza kuungua kutoka pembe moja ya shamba hadi nyingine. Bwana shamba wa mradi alipokuja alitazama, akasema mvua zimezidi, akaondoka. Wakati wa mavuno alirudi na daftari.

Akina mama hao walilipa. Baadhi yao walinunua maharage sokoni ili walipe deni la maharage. Wengine walilipa kwa yale machache waliyoyavuna katika shamba lile lile lililoungua. Na sasa sikilizeni vizuri: maharage hayo ya kulipia deni yaliwekwa ghalani, na msimu uliofuata yakakopeshwa katika kijiji cha pili kama mbegu.

Tulipouliza kama mbegu za kwanza zilipimwa, tuliambiwa zilitoka mahali pa kuaminika. Tulipoomba sampuli ili sisi wenyewe tutafute maabara, hakuna aliyekuwa ameweka hata punje moja. Hivyo hapakuwa na ushahidi. Hatuwezi kuthibitisha kwamba ugonjwa uliingia kwa mbegu ile, na mradi hauwezi kuthibitisha kwamba haukuingia hivyo. Lakini katika kutokujua huko, tazameni nani alilipa. Aliyekuwa na ofisi, gari na nafasi ya kupima hakulipa chochote. Aliyekuwa na jembe alilipa mara mbili, tena kwa kilo zilizopimwa sawasawa kwenye mizani.

Nabii Amosi aliwashutumu wafanyabiashara wa Israeli ambao, pamoja na kupunguza kipimo na kuzidisha bei, waliwauzia maskini takataka za ngano. Kosa lao la mwisho ndilo letu hapa. Mizani ya mradi ule ilikuwa ya haki, hatuna neno juu yake. Kilichowekwa juu ya mizani ndicho ambacho hakuna aliyetaka kukijua.

Tunasema waziwazi: mkopo wa mbegu ambayo mkopeshaji hakuipima, unaodaiwa kwa ukamilifu hata shamba linapoungua kwa ugonjwa unaochukuliwa na mbegu, ni mkopo dhalimu. Papa Leo XIII alifundisha katika waraka wake wa mwaka 1891 kwamba mapatano kati ya mwenye nguvu na mnyonge hayawi ya haki kwa sababu tu pande zote mbili zimekubali, ikiwa mnyonge alikubali kwa kukosa njia nyingine. Alikuwa akisema juu ya mshahara wa mfanyakazi. Hatuoni kwa nini jambo hilo lisihusu kilo moja ya maharage.

"NI GHALI MNO"

Jibu tunalopewa kila mara ni gharama. Kupima, wasema, kutapandisha bei ya mbegu hata maskini ashindwe kununua. Huruma hii juu ya maskini huja ghafula sana. Hatujaisikia wakati wa kupanga bei ya mfuko, wala wakati wa kuchapisha fulana na kofia za uzinduzi.

Tujibu hata hivyo. Sampuli moja hupimwa kwa ajili ya shehena nzima. Gharama yake hugawanywa kwa kila kilo iliyomo. Shehena ikiwa ya tani kadhaa, mzigo unaomfikia mnunuzi mmoja ni mdogo sana ukilinganishwa na theluthi ya mavuno. Kikundi kidogo chenye magunia manne ndicho kinachoumizwa na gharama hiyo, na kwa hicho twasema Serikali na wafadhili walipie, kama wanavyolipia chanjo. Hakuna anayedai mtoto wa kijijini alipe maabara iliyohakiki chanjo yake.

Pia iko njia ya kupunguza kazi ya maabara tangu mwanzo, nayo ni kuzalisha mbegu mahali pakavu, kwa maji ya mifereji yanayopita chini badala ya kunyunyizia juu ya majani. Jimbo la Idaho huko Marekani limejipatia sifa ya mbegu safi za maharage kwa sababu ya ukavu wake na masharti makali ya ukaguzi. Sisi nasi tunayo mabonde makavu yenye maji ya mifereji. Wanaotenga fedha za skimu za umwagiliaji wangeweza kulikumbuka jambo hili.

TUSIMFANYE MKULIMA MHALIFU

Hapa hatuna budi kuonya juu ya hatari ya upande wa pili. Wako watakaosoma maneno yetu na kufurahi, wakisema: kumbe hata Kanisa limekubali kwamba mbegu za wakulima ni chafu, basi zipigwe marufuku. La hasha. Hatukusema hivyo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusu nchi 5 za Afrika pamoja na Haiti, ulionyesha kwamba asilimia 90 ya mbegu za wakulima wadogo hutoka nje ya mfumo rasmi, na zaidi ya nusu ya mbegu zote hutoka katika masoko ya kawaida. Ndivyo tulivyo nasi: punje ya bibi, punje ya jirani, punje ya gulio. Anayetaka kuifuta njia hiyo kwa polisi anataka kufuta kilimo cha maharage. Aidha, hakuna sababu ya kudhani kwamba mbegu ya mama aliyechagua maganda yake kwa mkono ni mbaya kuliko ya shehena iliyotoka mbali bila kupimwa. Mbegu ya mama ikiwa na ugonjwa huumiza shamba lake na la jirani. Shehena ya tani kumi ikiwa na ugonjwa huumiza wilaya. Wajibu na uwe mkubwa kadiri ya mzigo.

Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, iliyoanzisha Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania, inayo nafasi yake, na tunaipongeza hatua ya kuwaruhusu wakulima wadogo kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa ubora kwa ajili ya majirani zao. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 nayo imeleta Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Vyombo viwili, basi, na wataalamu wamo. Tunachodai ni kwamba kazi ya vyombo hivyo ianzie kwa anayegawa mbegu nyingi kabla ya kumfikia anayegawa kibaba, na kwamba mkulima apate mlango wa kupeleka sampuli yake bila kuogopa kwamba akipatikana na ugonjwa atachukuliwa kama mtuhumiwa.

KABLA YA MVUA

Kwa kuwa kipimo huchukua majuma matatu, na usafiri wa sampuli nao una siku zake, kudai majibu siku ya kugawa mbegu ni kuchelewa. Halmashauri za Walei zianze miezi miwili kabla ya msimu. Zipate orodha ya kila mradi, kampuni na ofisi inayokusudia kuleta mbegu za maharage katika eneo la parokia, na hapa ofisi za misaada za Kanisa zisiachwe nje. Msaada unaotolewa kwa jina la Kristo hauna ruhusa ya kubeba ugonjwa. Kila mmoja aulizwe kwa maandishi: shehena hii ilipimwa bakteria gani, kwa punje ngapi, na maabara gani, lini?

Asiyekuwa na jibu asikopeshe kwa sharti la kurudishiwa mara mbili. Hilo WAWATA na vikundi vya akina mama walishike kwa nguvu, maana wao ndio wanaotia saini. Katika kila mkataba wa mkopo kiwekwe kifungu kwamba shamba likiungua, na sampuli ikipimwa na kuonekana ina ugonjwa, deni limekufa. Sampuli hiyo ni kilo mbili au tatu za punje kutoka magunia mbalimbali, zifungwe mbele ya mashahidi wa pande zote siku ya kupokea, zitiwe saini, na zitunzwe pakavu parokiani mpaka baada ya mavuno. Na mbegu zilizorudishwa kulipia deni zisikopeshwe popote kabla hazijapimwa. Ziliwe. Bakteria hawa hawamdhuru mlaji.

Nyumbani nako kuna kazi, ingawa haimwondolei muuzaji wajibu wake. Mbegu ya mwaka ujao haichaguliwi ghalani. Huchaguliwa shambani wakati maganda yangali ya kijani na madoa yanaonekana. Tia alama sehemu iliyo safi, vuna hiyo kwanza na uiweke mbali. Shamba lililoungua lisitoe mbegu hata punje moja. Chambua zilizokunjamana na zenye njano kwenye jicho. Usiingie shambani majani yakiwa yamelowa. Usirudishe maharage mahali pale pale kwa misimu angalau miwili. Aliye na nafasi na aoteshe punje mia kadhaa katika mchanga safi ulioloweshwa vizuri, majuma machache kabla ya kupanda, na atazame majani ya kwanza. Akiona madoa yenye majimaji, asipande mbegu hizo. Asipoona, ajue kwamba amepunguza hatari tu, kwani punje mia kadhaa ni chache, kama tulivyokwisha kuhesabu.

Makatekista wanaombwa kusoma sehemu hii ya mwisho katika vigango vyote Jumapili mbili mfululizo kabla ya msimu wa kupanda, na viongozi wa Jumuiya waifanye kuwa mazungumzo ya juma hilo. Barua za kudai majibu ya kipimo ziandikwe nakala tatu: moja kwa anayeleta mbegu, moja kwa afisa kilimo wa kata, na moja ibaki katika jalada la parokia, pamoja na jibu lililotolewa au tarehe ambayo jibu lilinyimwa.